Ana umeme, kwa hiyo kashiba?

Kuna jamaa kwenye kifodi, daladala ya Sombetini, wiki hii kaniharibia siku. Eti hapa Arusha mjini hakuna mtu anayelala njaa, anayelala njaa ni mvivu, njaa iko huko Longido mvua zikigoma. Na nusu ya gari wanaitikia "kweli kabisa". Nilinyamaza kwa sababu konda alikuwa bado na chenji yangu, ila sasa nasema.

We jamaa, shuka siku moja mitaa ya Unga Ltd saa moja jioni, simama tu pale kwa mangi usikilize watu wanavyonunua. Unga robo. Mafuta ya kupima. Dagaa wa mia tano. Anayenunua unga robo hapendi kutembea dukani kila siku, ndiyo hela iliyopatikana leo, na kwa mtindo huo kilo inamtoka kwa bei kubwa kuliko wewe unayebeba kiroba cha kilo 25 kwenye buti. Na watoto wamepiga pasi ndefu tangu asubuhi.

Sasa njoo kwenye msaada. TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ipo tangu 2000, hizi hela za kaya maskini zimekuja na awamu ya tatu, 2020 ikazinduliwa ngwe nyingine, malipo yakawa kila baada ya miezi miwili. Haya, imesaidia, sibishi, kuna bibi namjua kafuga kuku kwa hela hiyohiyo na wajukuu wako darasani maana mahudhurio ni sharti. Kinachonichefua ni namna ya kumtafuta huyo maskini. Majina yanaanzia mkutano wa mtaa, halafu dodoso: nyumba ya nini, sakafu ya nini, mna mali gani. Kijijini inaingia akilini, nyumba ya udongo na nyasi juu hata mgeni anaiona. Mjini mtu kapanga chumba kimoja, bati si lake, saruji si yake, umeme ni luku ya kuchangia wapangaji sita na asipotoa buku yake anakatiwa. Simu ya kupangusa anayo, kioo kimepasuka, na bila hiyo hapigiwi kuitwa kwenda kufua.

Mama mmoja jirani ndiyo maisha yake hayo. Anafua nguo za watu, mumewe ni mgumu, yaani anabeba mizigo ya wageni mlimani, na mvua za Aprili na Mei zikishika wageni wanapotea na hela inapotea nao, ila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu mkupuo. Jina lake likatajwa mkutanoni. Mzee mmoja mwenye nyumba zake tatu akasimama, "Huyu ana umeme, ana tivii, maskini gani?" Watu wakacheka, jina likarukwa. Tivii yenyewe ya chogo, haiwaki, kaitandikia kitambaa anawekea vikombe. Jioni yake nilimkuta anainjika makande, maharage kiganja kimoja kwenye sufuria ya watoto wanne.

Halafu mpangaji anahama. Kodi ikipanda Ngarenaro anakimbilia Muriet, na huko balozi hamjui, mwenyekiti hamjui, nani atamtaja?

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, msiniletee, mkopo haupikwi. Na shule nayo, elimu bila malipo tangu 2016, safi, ila uji una mchango, asiyechangiwa anaangalia wenzake wakipanga foleni na vikombe.

Najua mtasema ukilegeza vigezo wajanja watajiandikisha. Watajiandikisha. Hata sasa wamo na tunawajua mpaka rangi za bodaboda zao, sijaona mkikesha kwa hilo.

Mimi nataka dodoso la mjini liwe la mjini. Uliza jana walipika nini na juzi walipika nini, uliza kodi inaisha lini, uliza deni kwa mangi limefika wapi, lile daftari lake linajua mengi kuliko bati. Na mkutano uitishwe Jumapili jioni, sio Jumanne saa nne asubuhi, saa hiyo wenye njaa wako soko la Kilombero wanashusha viazi na waliobaki mtaani kuwajadili ni wenye nyumba.