Nani Atalipa Siku 80 za Jembe?

Chukua ekari moja ya shamba la mlimani lenye mwinamo wa asilimia 20, yaani ukienda mita 10 kuelekea bondeni unakuwa umeshuka mita 2. Kulikinga kwa matuta ya fanya juu, yaani mtaro unaochimbwa na udongo wake kutupwa upande wa juu uwe tuta, kunataka mtaro mmoja kila baada ya mita 10 hivi, na jumla yake ni mita 400 za mtaro. Upana sentimita 60, kina sentimita 60. Kwa jembe, sururu na koleo, mtu mwenye nguvu kwenye udongo wa wastani humaliza kama mita 5 kwa siku. Hizo ni siku 80 za kazi. Mume na mke wakigawana, kila mmoja ana siku 40 za kuchimba, na siku hizo hakuna kibarua wala gulio.

Kisha shamba lenyewe linapungua. Mtaro, tuta na ukingo ulio kati yao hula mita moja na nusu katika kila mita 10, karibu sehemu moja ya saba ya eneo la kulima. Anayesema wakulima wadogo hawana mwamko wa kuhifadhi udongo aanzie kwenye hesabu hii.

Hasara ya kutochimba nayo ni kubwa, na mkulima anaijua. Sentimita moja tu ya udongo ikisombwa kwenye ekari moja, zimeondoka zaidi ya tani 50, lori la tani 7 likijaa mara saba na kubaki. Tena kinachotangulia kwenda ni udongo wa juu, ule mweusi wenye mboji na samadi ya miaka yote. Ila hasara hiyo huja kidogo kidogo, mvua hadi mvua, wakati zile siku 80 zinadaiwa mwaka huu huu.

Milima ya Uluguru, Morogoro, ilitoa somo hili kwa uchungu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba ngazi kwenye miteremko mikali. Udongo wa mlima ule sehemu nyingi ni mwembamba, hivyo kukata ngazi kulifukia udongo wa juu na kuleta juu ule mwekundu usio na rutuba. Mahindi yakadumaa kwenye ngazi mpya. Watu walitoa jasho kwa amri na kuvuna kidogo kuliko awali. Mwaka 1955 zikazuka ghasia Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa.

Machakos, Kenya, nako amri zilitangulia. Mwaka 1938 Wakamba waliandamana hadi Nairobi kupinga kupunguziwa mifugo, na baada ya uhuru matuta mengi yaliyochimbwa kwa shuruti yaliachwa yabomoke. Lakini baadaye watu wale wale walichimba wenyewe, kwa vikundi vyao vya kusaidiana kazi, mwethya, hadi vilima vikageuka ngazi. Kilichobadilika ni kwamba sasa juu ya matuta kulikuwa na kahawa, machungwa, mboga na majani ya ng'ombe, na soko la Nairobi lilikuwa karibu. Tuta lilikuwa na cha kumlipa aliyelichimba.

Msimamo wangu ni huu: tuta lisiloleta kitu ndani ya mwaka wa kwanza halitatunzwa, na tuta lisilotunzwa ni hatari kuliko kutokuwa nalo, kwa sababu hukusanya maji ya mteremko mzima na kuyaachia mahali pamoja.

Kwa hiyo kabla ya jembe la kwanza, panga nini kitapandwa kwenye tuta. Mabingobingo, yaani majani ya tembo, ndiyo ya haraka zaidi: vipande vya pingili tatu, mbili zikiwa ardhini, vikiwa vimeinamishwa upande, nafasi ya sentimita 50. Kwa kuwa tuta la fanya juu hujengwa kwa udongo wa chini, tia samadi konzi moja kila shimo, la sivyo majani yatanyong'onyea na mvua kubwa itakuta tuta tupu. Kata ya kwanza hupatikana baada ya miezi mitatu hadi minne, kisha kila yanapofika kiunoni. Yakiachwa yarefuke yatanyima mahindi ya jirani maji na mwanga, na hapo ndipo wengi huyang'oa wakidhani hayafai. Ng'ombe mmoja wa maziwa hula kilo 60 hadi 70 za majani mabichi kwa siku, basi mita 400 hazitamshibisha peke yake. Kwa mbuzi wachache zinafaa sana. Ndani ya mtaro weka migomba kila mita 3, na samadi debe mbili kwa shimo. Hiyo ni migomba 130 kwenye eneo tulilosema limepotea.

Kupima usawa ni kazi ya nusu siku na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Funga nguzo mbili za mita 2 kwa umbo la herufi A, weka mti wa kukatiza katikati, ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Isimamishe juu ya vigingi viwili, weka alama kamba inapogusa mti, kisha igeuze, miguu ibadilishane vigingi, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa: kamba ikitulia hapo, miguu yote miwili iko kwenye usawa mmoja. Mtaro uliopimwa kwa macho huwa na bonde dogo mahali fulani, maji yote hukimbilia hapo, tuta hukatika, na korongo huanza. Acha pia vizuizi vya udongo ndani ya mtaro kila mita 10, ili kosa dogo la kipimo lisisafirishe maji.

Anza juu. Kama maji yanatoka barabarani au shamba la jirani wa juu, chimba kwanza mtaro wa makinga maji wenye mwinamo kidogo, uyapeleke kwenye nyasi au mkondo wa asili. Unapotupa udongo juu, acha ukingo wa sentimita 20 hadi 30 kati ya mtaro na tuta usije ukaporomokea ndani. Kila baada ya masika, toa tope mtaroni ulirudishe juu ya tuta. Ngazi hujijenga hivyo polepole, na udongo wa juu unabaki juu, jambo ambalo amri za Uluguru hazikulingojea.

Si kila mlima unafaa. Penye mwamba karibu, au mteremko mkali sana wenye udongo mwembamba, maji yanayozuiliwa huloweka ardhi na kipande kizima kinaweza kuteleza. Hapo nyasi na miti ni bora. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro zao: nyasi zilizofyekwa hupangwa miraba, udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika, likabaki shimo lililozungukwa na matuta yenye mboji ndani yake. Hakuna mtaalamu aliyewafundisha, na miteremko yao hulimwa hadi leo.

Mashirika na halmashauri zinazohesabu mita zilizochimbwa zibadili kipimo. Zilipe sehemu ya posho baada ya masika ya pili, kwa matuta yaliyosimama na yenye majani. Tena maji ya Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam yanatoka Uluguru. Mnywaji wa mjini anafaidi kila tuta linalozuia tope kule juu, hivyo ni haki achangie miche, mbuzi na posho ya zile siku 80.

Na yupo mkulima anayekodi shamba msimu kwa msimu. Huyu hana sababu yoyote ya kuchimba, maana mwenye shamba akiona tuta limestawi anaweza kulichukua shamba lake. Serikali za vijiji zinaweza kushuhudia mikataba ya maandishi ya miaka isiyopungua mitano, ikieleza kwamba mchimbaji akiondolewa mapema atalipwa gharama ya mita alizochimba na migomba aliyopanda, kwa bei iliyokubaliwa siku ya kuandikiana.