Montenegro: usiende kwa ajili ya ufukwe

Mtu aliyekulia Tanga au Malindi ukimwambia apande ndege kwenda Ulaya kuona bahari, ana haki ya kukucheka. Tena fukwe nyingi za Montenegro ni za kokoto, na Agosti hata mahali pa kutandika taulo ni pa kugombania. Hata hivyo, ukiniuliza mtu wa pwani yetu aanze na nchi gani Ulaya, nitaitaja hii kabla ya Italia.

Sababu ya kwanza ni milima kusimama majini. Kotor, mji wa kale uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1979, umebanwa kati ya ghuba na jabali. Ukuta wake hauishii mjini, unapanda na mlima mpaka kwenye ngome, ngazi zipatazo 1,350. Zipande alfajiri, kabla meli kubwa za watalii hazijamwaga watu. Nyuma ya mji, barabara ya zamani inajipindapinda kwenda mlima Lovćen. Huko juu, baada ya ngazi nyingine 461, amezikwa Njegoš, aliyekuwa askofu, mtawala na mshairi kwa wakati mmoja. Sisi tunaojidai kuenzi malenga, tumemjengea nani kaburi kileleni?

Perast, mji mdogo kwenye ghuba hiyo hiyo, inatosha nusu siku. Kisiwa chake chenye kanisa kimejengwa na watu, kwa mawe na mashua kuukuu zilizozamishwa. Mpaka leo, kila Julai 22 jioni, mashua hufungwa msururu zikaenda kutupa mawe mengine.

Lakini kama una siku chache, zipeleke Ulcinj, kusini kabisa, jirani na Albania. Wakazi wengi ni Waalbania Waislamu, kwa hiyo adhana utaisikia na chakula cha halali hakikupi shida. Mji huu chini ya Waosmani, watawala wa Kituruki, ulijulikana kwa maharamia na biashara ya watumwa, na manahodha wake walileta Waafrika, wengi kupitia Tripoli. Waliobaki wakawa mabaharia, wakulima, watu wa mji kama wengine. Mmoja wa wazao wao, Rizo Šurla, alikuwa mpigapicha aliyejulikana sana hapo. Ndani ya mji wa kale kuna uwanja ambao bado unaitwa Uwanja wa Watumwa, na siku hizi watu hupita hapo wakielekea kula samaki. Sisi habari za utumwa tunazijua kwa njia ya Bagamoyo na Zanzibar; ya Adriatiki, bahari hii ya Montenegro, hatukufundishwa. Kwangu mimi, hiyo peke yake inatosha kulipia tiketi. Na kama lazima uoge baharini, ufukwe mrefu wa mchanga nao uko Ulcinj.

Mji wa Budva ningeupita tu, ni kelele na maghorofa. Kaskazini, ukiipenda baridi, kuna milima ya Durmitor na korongo la mto Tara, lenye kina kinachofikia mita 1,300 hivi.

Nchi inatumia yuro ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya. Habari za viza ziulize ubalozini kabla hujalipa chochote, kisha lenga Juni au Septemba: maji bado yana joto na vyumba vinapatikana kwa bei ya kuzungumzika.