Kufunga Ziwa Peke Yake Hakutoshi: Neno kwa Watu wa Kigoma Kutoka Michigan

Naunga mkono kufungwa kwa uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu. Naanza na hilo ili ndugu zangu wa Katonga, Kibirizi na Ujiji wajue niliposimama. Dagaa lazima wapate muda wa kuzaa, na yeyote aliyekulia mwaloni anajua bila kuambiwa na mtaalamu kwamba migebuka ya siku hizi si ile ya zamani, kwa wingi wala kwa ukubwa. Ninachokipinga ni kuzungumza kana kwamba adui wa ziwa ni mmoja tu, mvuvi na wavu wake, na kwamba akishafungiwa miezi mitatu kazi imekwisha.

Ninaishi Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani. Kiswahili hapa si kigeni. Familia za Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu ni nyingi, na dagaa wa Kigoma wakifika kwenye maduka ya Waafrika hawamalizi wiki. Tukikutana msibani au harusini, habari za ziwa zikianza hazina mwisho. Na jimbo lenyewe limezungukwa na maziwa makubwa, ambayo yaliharibiwa kwa njia ambayo sisi hatujaipitia, na ndiyo maana naandika.

Katikati ya mji wetu unapita Mto Grand kuelekea Ziwa Michigan. Umekatizwa na ukuta wa zamani uitwao Sixth Street Dam, na pembeni yake pamejengwa ngazi ya zege ili samaki wapande. Majira ya vuli watu huleta watoto wao kuwatazama samoni wakiruka. Kwa miaka mingi wako wanaotaka ukuta huo uondolewe, maporomoko ya asili yarudi na mji upate watalii. Hoja yao nzuri. Lakini kila mara inagonga mwamba kwenye jambo moja, nalo ni lamprei, ambaye ukuta huo unamzuia asipande mtoni.

Lamprei ni kiumbe wa baharini mwenye umbo la mkunga. Hana taya. Mdomo wake ni duara lililojaa meno, anajibandika ubavuni mwa samaki, anatoboa na kunyonya damu. Mmoja anaweza kuua samaki wa kilo 18 hivi katika maisha yake ya ziwani. Zamani hakuweza kupanda juu ya maporomoko ya Niagara. Kisha watu wakachimba mfereji wa Welland ili meli ziyapite maporomoko hayo, na mwaka 1921 lamprei akaonekana Ziwa Erie. Kufikia 1938 alikuwa ameshafika Superior, ziwa la juu kabisa. Trauti wa ziwani, ambaye kwa wavuvi wa huku alikuwa kama mgebuka kwetu, alivuliwa kama pauni milioni 15 kwa mwaka katika maziwa ya juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilibaki kama pauni 300,000. Wavuvi waliuza boti, na vijiji vizima vilivyoishi kwa samaki vikakosa kazi.

Marekani na Kanada zikaunda tume ya pamoja ya uvuvi kwa mkataba wa mwaka 1954. Wanasayansi walijaribu kemikali karibu 6,000, moja baada ya nyingine, mpaka wakapata inayoua viluwiluwi vya lamprei mtoni bila kuwamaliza samaki wengine. Leo lamprei wamepungua kwa takriban asilimia 90. Ni ushindi mkubwa, lakini ushindi huo unalipiwa kila mwaka, zaidi ya dola milioni 20, na hakuna anayeona siku ya kuacha. Korona ilipozuia vikosi kwenda mitoni kama kawaida mwaka 2020 na 2021, lamprei wakaanza kuongezeka upya. Zaidi ya miaka mia baada ya Erie, mji wetu bado unajadili ukuta mmoja kwa hofu ya kiumbe yuleyule.

Kisha wakaja kome wadogo wenye milia. Walionekana mwaka 1988, wakiwa wameletwa na meli kutoka ng'ambo, ndani ya maji ambayo meli hujaza tumboni ili isiyumbe. Jamaa zao waliofuata, wanaoitwa kwaga, wametanda kwenye sakafu ya Ziwa Michigan. Wanachuja maji mchana na usiku, wanakula vijimea vidogo ambavyo ndivyo chakula cha vidagaa vya huko, na vidagaa vikikosa chakula samaki wakubwa nao wanakonda. Ukisimama ufukweni unaona maji maangavu mpaka chini. Mgeni anasifu. Mvuvi wa hapa anakwambia uangavu huo ni njaa. Tanganyika kwetu ni angavu kwa asili yake, na uhai umejipanga ndani ya uangavu huo kwa mamilioni ya miaka. Hapa uangavu umeingia juzi na umeondoka na samaki.

Haya yote yalianza na mlango mmoja ulioachwa wazi na watu waliokuwa na shughuli nyingine, biashara na usafiri, wala si wavuvi.

Sasa tazama Tanganyika. Maji yake ni kama mara moja na nusu ya maji ya Superior. Kina chake ni karibu mita 1,470. Lina aina mamia za samaki ambazo hazipatikani popote pengine duniani, na samaki wa biashara ya uvuvi wetu, dagaa, lumbu na migebuka, ni wa humohumo tangu asili. Mwanza hawawezi kusema hivyo. Ziwa Victoria lilipandikizwa sangara katika miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu zikapotea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugu maji likaingia na kuziba mialo. Biashara ya sangara imeleta fedha, sikatai, lakini ziwa lile halitarudi lilivyokuwa. Hata lumbu wetu amewahi kuwa mgeni kwa wenzetu: walimchukua Tanganyika wakampeleka Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968. Kule alifaa kwa biashara, na akateremka na mto Zambezi mpaka bwawa la Cahora Bassa kule Msumbiji, ambako hakuna aliyempeleka. Samaki akishamwagwa majini hasubiri kibali.

Ndiyo maana nikisikia mjadala wa Kigoma unaishia kwenye ukubwa wa tundu la wavu, nasikitika. Makokoro yaondolewe, ndiyo. Lakini mbona sisikii mtu akiuliza kuhusu milango wanayoingilia viumbe wageni? Mto Malagarasi unakusanya maji kutoka Tabora na Kigoma, unapita ardhioevu ya Moyowosi, ile iliyoorodheshwa kimataifa mwaka 2000 kuwa ya kwanza Tanzania, kisha unaingia ziwani. Bonde hilo lina perege wake, karomo, asiyepatikana kwingine. Watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba perege wa kupandikizwa wamesambaa katika mito na mabwawa mengi ya Tanzania, na wakikutana na wenyeji wanazaliana nao mpaka mwenyeji anapotea ndani ya damu ya mgeni. Mtu anachimba bwawa Urambo au Kaliua, anapewa vifaranga, masika yanafurika, bwawa linapasuka. Hajavunja sheria yoyote anayoijua. Lakini karomo ndiye anayelipa.

Watu huniuliza kama Wamarekani wanafuata sheria kwa sababu wana adabu kuliko sisi. Hapana. Wanafuata kwa sababu wanaona fedha yao inakokwenda. Tangu 1937 kuna sheria inayotoza ushuru wa asilimia 10 hadi 11 kwenye bunduki na risasi, na fedha hiyo inapelekwa kwenye wanyamapori. Mwaka 1950 ikaja ya namna hiyo kwa vifaa vya uvuvi. Jimbo likitaka mgao huo, haliruhusiwi kuchukua ada za leseni likajengee kitu kingine. Kwa hiyo fundi magari ninayemfahamu, anayesubiri Novemba 15 msimu wa kulungu ufunguliwe kama mtoto anavyosubiri Idi, anajiona yeye ndiye mwenye pori. Akimwona jangili anapiga simu. Kwenye maziwa mengi ya jimbo, aina moja ya samaki inayopendwa sana mezani unaruhusiwa 5 kwa siku, na asiyefika inchi 15 unamrudisha. Tangu 2019 sheria ya Michigan inakutaka uondoe vizibo, umwage maji yote ya boti na kuondoa majani kabla ya kuivuta barabarani. Nimeona wazee wakifanya hivyo kwenye baridi, hakuna askari karibu.

Upande wa uwindaji kwetu sitakaa sana. Ugalla ilipokuwa pori la akiba, wavuvi na warina asali walipewa vibali vya msimu. Mwaka 2019 ikawa hifadhi ya taifa. Sipingi hifadhi. Nasema tu kwamba mrina asali wa Tabora aliyekuwa na kibali alikuwa pia jicho la pori, na jicho hilo halipatikani kwa mshahara.

Na Michigan nako hapakuwa na haki siku zote. Wenyeji wa asili, Waanishinaabe, waliachia ardhi kwa mkataba wa 1836 lakini hawakuachia haki yao ya kuvua. Baadaye jimbo likawakamata na kuwanyang'anya nyavu, likiwaita waharibifu wa ziwa. Mwaka 1979 mahakama ya shirikisho ikasema haki ile ipo. Tangu hapo mgawanyo wa uvuvi unapangwa mezani, jimbo upande mmoja na makabila matano upande wa pili, mara ya mwisho mwaka 2023. Wana wataalamu wao na askari wao wa uvuvi. Walioitwa waharibifu wamekuwa washiriki, na trauti hawajaisha kwa sababu hiyo.

Hapo ndipo namkumbuka shemeji yangu wa Katonga, mvuvi. Ziwa lilipofungwa Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, aliniambia, "Shemeji, mimi sina ugomvi na samaki kuzaa. Lakini nani aliniuliza?" Yeye ana mtumbwi, hivyo ana cha kuuza akikwama. Mke wake anaanika dagaa wa watu wengine kwenye chanja, na analipwa kwa kazi ya siku. Mwezi ukiwa mpevu na wavuvi wa taa wasipotoka, amezoea kufunga mkanda siku chache. Miezi mitatu ni jambo jingine. Wachukuzi wa Kibirizi, mama lishe, mafundi wa boti, vijana wa barafu, wote hao hawana leseni ya uvuvi na hawaonekani kwenye hesabu yoyote, ila kufungwa kwa ziwa kunawafunga wao kwanza.

Kuna jambo lingine linaloniumiza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ziwa limepata joto na pepo zimepungua nguvu, hivyo maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani. Rutuba inabaki kilindini, vijimea vinapungua, dagaa wanapungua. Watafiti walikadiria kwamba kwa sababu hiyo pekee mavuno ya samaki yangeweza kushuka kwa asilimia 30 hivi. Mvuvi wa Kigoma mwenye injini moja ndogo hakulipasha ziwa joto. Mimi ninayeendesha gari Michigan kila siku nimechangia zaidi yake. Kwa hiyo tukimtaka apumzishe ziwa, na tumtake kweli, tuwe na adabu ya kumlipa au walau kumkopesha bila riba kwa miezi hiyo, na sehemu ya ada za leseni na ushuru wa mwaloni ibaki mwaloni kwa hesabu iliyobandikwa ukutani ambapo yeye na mkewe wanaisoma. Vikundi vya BMU, vile vya wavuvi vya kusimamia mwalo, vipo. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ipo Bujumbura, kutokana na mkataba wa 2003. Vyombo havikosekani, mvuvi ndiye anayekosekana ndani yake siku ya kuamua.

Tunaoishi nje nasi tunatuma fedha za harusi, za matibabu, za kuezeka. Tukichanga kwa ajili ya wanaoanika dagaa msimu wa kufungwa, tutakuwa tumelinda ziwa kuliko kwa maneno yetu yote, haya yangu yakiwemo.

Na kwa kuwa ufugaji wa samaki kwenye vizimba unatajwa sana kama njia mbadala kwa wavuvi, nawasihi madiwani na wenyeviti wa vijiji kuanzia Kagunga hadi Kalya: kabla kizimba hakijashushwa majini, afisa uvuvi asimame mbele ya mkutano wa kijiji aulizwe vifaranga vimetoka bwawa gani, ni perege wa wapi, na vikitoroka nani atawajibika. Boti au nyavu zikiletwa kutoka Ziwa Victoria, zikaushwe juani na kukaguliwa kabla ya kugusa maji. Jibu liandikwe kwenye muhtasari, na likikosekana, kizimba kisishuke.