Kromu ngumu Tanga: nafuu ya mwenye mtambo, mapafu ya fundi

Kwa mji wenye kiwanda cha saruji Pongwe, mashine za korona (za kutenganisha nyuzi za mkonge na jani) kwenye mashamba ya mkonge na kreni bandarini, hoja ya kuwa na karakana ya kupaka vyuma kromu ngumu kwa umeme ina uzito. Rodi ya haidroliki, yaani fimbo ya chuma inayosukumwa na mafuta yenye shinikizo, ikikwaruzika huchana sili (pete inayozuia mafuta) na kuyavujisha. Ikiondolewa tabaka la zamani, ikapakwa upya na kusagwa hadi kipimo chake, hurudi kazini badala ya kuishia kwa wauza vyuma chakavu. Tabaka hilo, ambalo kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 20 hadi 500 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hufikia takriban 800 hadi 1,000 kwenye kipimo cha ugumu cha Vickers, na nyufa zake zisizoonekana kwa macho hushika mafuta ya kulainisha.

Wapinzani wa kazi hii mara nyingi hukosea mahali pa kunyooshea kidole. Kromu iliyokwisha kuganda kwenye rodi haimdhuru anayeishika. Hatari iko kwenye tangi ambamo chuma hutumbukizwa na kupitishiwa umeme ili kipakwe: asidi ya kromiki iliyomo hubeba kromu ya valensi sita, aina ya kromu yenye sumu inayotambuliwa kimataifa kuwa husababisha saratani ya mapafu. Sehemu kubwa ya umeme, mara nyingi zaidi ya robo tatu, haipaki chochote bali huzalisha haidrojeni, na mapovu yake yanapopasuka hurusha ukungu wa asidi ambao fundi huuvuta. Jimbo la California liliamua mwaka 2023 kwamba kazi hii ikome huko ifikapo 2039.

Watetezi hujibu kuwa maji machafu yanatibika, na hawakosei: metabisalfaiti ya sodiamu huigeuza kromu ya valensi sita kuwa ya valensi tatu, yenye sumu ndogo zaidi, kisha chokaa (ambayo Tanga haina shida nayo) huizamisha iwe tope. Ila tope nalo linataka mahali salama pa kuhifadhiwa, na uani kwenye kisima si mahali pake.

Kuna njia ya kunyunyizia kabaidi ya tangsteni (unga mgumu sana) kwa mwali wa kasi badala ya kupaka kromu, inayofaa sana kwa rodi, lakini mtambo wake ni ghali na bunduki yake haifiki ndani ya silinda nyembamba. Kwa maoni yangu, karakana moja yenye mifereji ya kunyonya hewa na mtambo wa kutibu maji inakubalika, mradi gharama hizo ziingizwe kwenye bei ya kila rodi. Mteja akiiona bei hiyo kubwa mno, basi unafuu aliokuwa akiupata kwingine ulikuwa ukilipwa na fundi.