Bei ya mita inatuponza

Jiwe la kwanza lilivunjwa na mguu wa kiti cha mama. Hakuna aliyeruka wala aliyeangusha kitu. Mama alikaa tu, kama anavyokaa kila siku baada ya swala ya alasiri, na jiwe la Mazeras la kibarazani, lenye unene wa dole gumba, likakatika kama biskuti. Nilipolibandua nikaona sababu. Chini yake kulikuwa na vibonge vitano vya simiti, vinne kwenye pembe na kimoja katikati, na baina yao hewa tupu. Sisimizi walikuwa wameshahamia.

Kibaraza chenyewe ni mita 5 kwa 4. Fundi aliyekilaza alikuwa rahisi kuliko wenzake wawili niliowauliza, na kwa siku mbili alikuwa amemaliza, ameoga, ameondoka. Nilimsema wiki nzima. Siku hizi simsemi tena, maana kosa kubwa lilikuwa langu, na naliona kwa wengi tunaojenga. Mafundi wote watatu niliwauliza swali moja tu: "Mita ni ngapi?" Yaani, kulaza mita moja ya mraba ni bei gani.

Kwa vigae vya kiwandani swali hilo halina neno. Ukifungua boksi, kila kigae kina unene uleule, pembe zimenyooka, kazi ya leo inafanana na ya kesho. Jiwe la Mazeras halikupita kiwandani. Ni jiwe la mchanga, limelala ardhini tabaka juu ya tabaka, na kwenye matimbo ya huko Mazeras, pwani ya Kenya, na vijiji jirani, upande wa Kilifi na wa Kwale, watu hulipasua kwa nyundo na patasi kufuata zile tabaka. Ndiyo maana uso wake una mawimbi yale mazuri, manjano hapa, wekundu pale. Ndiyo maana pia katika lori moja utapata jiwe la sentimita 2 limelaliana na la sentimita 4. Juu lazima pawe sawa, kwa hiyo tofauti yote inashuka chini, kwenye simiti, na pesa zako zinashuka nayo.

Tupige hesabu ya kibaraza changu. Mita 20 za mraba, tandiko la simiti la sentimita 4, mchanganyiko wa 1 kwa 4 (simiti moja, mchanga nne): hiyo ni mifuko 6 hivi ya kilo 50. Mawe yakiwa hayana mpango, tandiko likapanda hadi wastani wa sentimita 6, mifuko inakuwa 9. Kibaraza ni kilekile, mita ni zilezile, fundi ni yuleyule. Sasa fundi uliyembana bei hadi akakubali kwa shingo upande, na simiti ni juu yake, mifuko 3 hiyo ataitoa wapi? Ataitoa kwenye vibonge vitano. Hata simlaumu sana.

Kazi ya kurudia nilimpa mzee mmoja ambaye nilielekezwa kwake na jirani. Siku ya kwanza alikuja saa moja na nusu asubuhi na kijana wake, akanywa chai ya mama, kisha akaanza kuhamisha mawe. Hakuchanganya simiti wala hakufunga uzi. Anashika jiwe, analigongagonga kwa mpini wa mwiko karibu na sikio, analipima ubavu kwa vidole, analiweka kwenye fungu. Kufika adhuhuri kulikuwa na mafungu matatu, membamba, ya kati na manene, na fungu dogo la nne pembeni. Mimi nimesimama mlangoni nahesabu saa.

"Mzee, tutalaza leo kweli?"

"Mwanangu, hapa ndipo ninapolaza," akasema bila kuniangalia. "Kesho nitakuwa nabandika tu."

Nikamuuliza lile fungu la nne ni la nini. Akachukua jiwe moja, akaligonga, likatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Akachukua jingine kutoka fungu la kati, likalia kwa sauti kavu, kama kengele ya baiskeli. La kwanza lina ufa wa ndani usioonekana kwa macho. Mawe ya namna hiyo aliyaweka kwa ajili ya vipande vya pembeni, ambako yangekatwa hata hivyo.

Kesho yake membamba yalianzia ukutani, manene yakaenda kwenye ukingo wa ngazi ambako watu wanakanyaga kwa nguvu, na kila jiwe likalala juu ya simiti iliyojaa, likapigwa nyundo ya mpira, likanyanyuliwa tena kuangaliwa mgongo. Likiwa na sehemu kavu, simiti inaongezwa. Kila mita moja ya kwenda nje alishusha sentimita moja na kidogo ili maji ya mvua yasisimame. Kazi yote siku tano.

Bili yake aliiandika kwenye karatasi ya mfuko wa simiti uliokwisha, na bili hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Haikuwa na bei ya mita peke yake. Kuchambua mawe: siku moja, watu wawili. Kulaza: mita 20. Kukata ukingo: mita 9, zikihesabiwa kwa urefu, maana ukingo wa mbele ni mita 5 na wa ubavuni 4. Diski ya grinda, kivyake. Kubomoa kazi ya zamani, kivyake. Nilipojumlisha, ilizidi bei ya yule wa kwanza kwa karibu nusu, na kwa mara ya kwanza nilijua nalipia nini.

Kuna watakaosema dawa ni kumlipa fundi kwa siku. Mimi sikubali. Ukimlipa kwa siku, siku zinazaa siku. Bei ya mita ibaki kwa kile kinachopimika kwa mita, yaani kulaza. Kuchambua kulipiwe kama kuchambua na ukingo kama ukingo. Na fundi akikuambia "yote yamo humo humo kwenye mita", usifurahi haraka.

Upande wa wauza mawe kuna mchezo mwingine. Mmoja anauza kwa mita, mwenzake kando ya barabara hiyohiyo anauza kwa futi. Shilingi 100 kwa futi ya mraba inasikika rahisi mbele ya shilingi 1,000 kwa mita. Lakini mita moja ya mraba ina futi 10.76, kwa hiyo huyo wa futi anakuuzia mita kwa 1,076. (Ni tarakimu za mfano tu, msije mkanipigia simu.) Halafu uzito: jiwe la sentimita 3 ni karibu kilo 70 kwa kila mita ya mraba. Mimi nilihitaji mita 22, yaani zile 20 na kumi kwa mia ya kuvunjika na kukatwa, na hiyo ni tani moja na nusu. Pikapu ndogo haiwezi safari moja. Mwambie dereva ayasimamishe kwa ubavu, asiyalaze, na mkubaliane mapema yatakayovunjika njiani ni ya nani. Nunua yote kwa mkupuo mmoja pia. Ukirudi baada ya miezi miwili, timbo limeshaingia tabaka jingine na manjano yako hayapo tena.

Kwenye kukata ndipo nilipoona aibu. Kijana wa mzee alikata mawe ya mwanzo makavu, kajifunga leso ya mama puani, kibaraza kizima kimekuwa wingu. Vumbi la jiwe la mchanga lina silika, yaani chembe laini za madini ya mchanga, na silika ikikaa mapafuni haitoki. Mtu anaanza na kikohozi, anaishia kukosa pumzi. Nikaleta ndoo na mpira wa maji, kazi ikawa ya kimyakimya na chafu zaidi, na polepole pia. Polepole hiyo nayo ina bei, na hakuna bili niliyowahi kuona ikiitaja. Barakoa ya maana nilinunua mimi, baada ya kuona leso.

Mambo ya usafi nayataja kwa haraka. Jiwe la Mazeras lina vitundu, linakunywa. Dondoshea maji: yakizama na kuacha doa jeusi papo hapo, basi na mafuta ya pilau yatazama vilevile, ila mafuta hayakauki. Lipake dawa ya kuziba vitundu likiwa kavu kabisa, wiki kadhaa baada ya kulaza. Kwa wenye marumaru, kaeni mbali na ndimu na siki, zinakula ung'aavu wake.

Yalibaki mawe saba mazima. Mzee aliyapanga kwa ubavu nyuma ya jiko na kuniambia nisimpe mtu, hata ndugu. Sasa yako sita. Moja mama ameshaliingiza ndani, analitumia kuwekea sufuria ya moto.