Chupi za kapteni na macho ya mistari

Mpwa wangu ana miaka nane na kumkalisha na kitabu ilikuwa vita kila jioni, mpaka alipoletewa Captain Underpants, mfululizo wa vitabu vya kuchekesha vya watoto kutoka Marekani. Sasa kitabu chenyewe kimechanika pembeni kwenye zile kurasa mbili ambazo unazipeperusha haraka haraka hadi unaona picha zinapigana, kapeperusha weee mpaka selotepu imeshindwa. Dada angu kuona jamaa mnene kipara, kavaa chupi na pazia mgongoni, akaniuliza: "Kaka, hiki nacho kitabu cha mtoto?"

Wazazi wengi Marekani wameuliza hivyo hivyo. Cha kwanza kilitoka 1997, na 2012 na 2013 mfululizo huu ndo ulikuwa namba moja kwenye orodha ya chama cha wakutubi wa Marekani ya vitabu vinavyolalamikiwa zaidi, yaani watu wanataka vitolewe kwenye shule na maktaba. Wanasema lugha mbovu, haviendani na umri, vinafundisha utundu. Na kweli, George na Harold, wale wanafunzi wawili wa kwenye kitabu wanaochora katuni, wanampumbaza akili mwalimu mkuu wao kwa pete mpaka anajiona shujaa wa kwenye katuni yao wenyewe, anakimbia mtaani na chupi.

Hoja ya heshima mi siidharau, kwetu mwalimu ni mzazi na mtoto akianza kumcheka mkubwa hujui ataishia wapi. Ila huyo mwalimu mkuu kwenye kitabu ni katili, anachukia watoto kucheka, na mtoto anaelewa vizuri kabisa kwamba anachekwa ukatili wake. Utani wa chupi na choo watoto wanao tangu enzi na enzi, hawakusubiri kitabu kiwafundishe.

Kuna na hili la spelling, zile katuni za George na Harold zimejaa makosa ya makusudi na walimu wengine yanawakera sana maana wao ndo wanaokuja kusahihisha. Nawaelewa. Lakini mpwa wangu juzi kaanza kuchora komiki yake nyuma ya daftari la hesabu, "nguvu" kaandika "guvu", nikamwacha amalize hadithi kwanza ndo tukarekebisha pamoja. Ningeanza na kalamu nyekundu angefunga daftari. Mwandishi mwenyewe, Dav Pilkey, alikuwa na shida ya kusoma na ya kutulia darasani, alikuwa anatolewa nje anakaa kwenye korido na huko huko ndo akamchora huyu kapteni, na anasimulia kwamba mwalimu wake aliichana hiyo katuni akamwambia hawezi kuishi maisha yake yote anatengeneza vitabu vya kipuuzi. Kwa mtoto wa namna hiyo picha ndo mlango wa kuingilia kwenye kusoma, na akishaingia maneno atayafuata.

Sasa hiyo hiyo nguvu ya picha ndo inayonifanya nisimtetee kwa kila kitu. 2010 Pilkey alitoa kitabu kingine cha katuni, The Adventures of Ook and Gluk, vijana wa mapangoni wanajifunza kung fu kwa mzee wa Kichina. Mzee na Waasia wengine humo wamechorwa macho ya mistari tu. Machi 2021, baada ya baba mmoja Mmarekani mwenye asili ya Korea kulalamika, wachapishaji wake, Scholastic, wakasitisha usambazaji na kuomba shule na maktaba zikiondoe, na Pilkey aliliunga mkono hilo, akaomba radhi.

Wapo waliosema huku ni kufungia vitabu kama kule kwa Captain Underpants tu. Mi naona ni mambo mawili tofauti kabisa. Chupi hazimuumizi mtoto yeyote, kila mtu anavaa. Ile mistari miwili ya macho mtoto wa Kichina anarudishiwa kesho yake shuleni na wenzake wanaovuta macho kwa vidole wakimcheka, na hajui ajitetee vipi maana imetoka kwenye kitabu kinachopendwa na darasa zima.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hicho cha Ook na Gluk kilikaa sokoni zaidi ya miaka kumi, kikapita kwa wahariri, wauzaji, wakutubi, na ile 2012 na 2013 watu wanapeleka malalamiko, hicho kilikuwa tayari kwenye rafu, ila kilele cha orodha kikashikwa na chupi.