Mlima Unaanzia Mwembe Tayari

Kila nikisema nimetoka Taita kukwea milima, swali la kwanza hapa Mombasa huwa lile lile: "Mlikwenda na gari ya nani?" Nikijibu kwamba nilipandia matatu Mwembe Tayari, kama anayekwenda matangani, mtu hunitazama akidhani kuna jambo namficha. Tumejiaminisha kwamba mlima ni wa mwenye gari la magurudumu makubwa, au wa mgeni aliyepangiwa safari toka uwanja wa ndege, au wa vijana wa Nairobi waliokodi basi zima. Sisi wa pwani twaambiwa tuna bahari, yatosha.

Haitoshi. Na nasema zaidi: katika milima yetu hii, anayekwenda kwa matatu hupata mlima mzima, mwenye gari hupata nusu.

Mwenye gari huliacha mahali, akakwea, na popote atakapofika ni lazima arudi pale pale. Ni mbuzi aliyefungwa kamba mtini. Wa matatu hana alichokiacha nyuma. Hukwea upande huu, akateremkia upande wa pili, akasimamisha gari jingine barabara ya chini. Na njia za miguu za Taita ndivyo zilivyo. Hazikuchorwa zizunguke zimrudishe mtu alikotoka; ni njia za watu wanaokwenda sokoni, shuleni, kanisani, kwa shangazi ng'ambo ya bonde. Nyingi huishia barabarani, panaposimama matatu.

Agosti mwaka jana nilimchukua mpwa wangu wa miaka 15, mtoto wa Kisauni ambaye hajawahi kuuona mlima ila kitabuni. Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Gari za kwenda Wundanyi, mji ulioko juu milimani, moja kwa moja zipo. Ukizikosa, wapanda la Voi, kilomita 150 na ushei, kisha wabadilisha. Treni ya Madaraka nayo husimama Voi tangu ilipoanza mwaka 2017, na ni ya raha, lakini itakuacha stesheni na bado una gari la kutafuta. Mimi hupenda matatu kwa sababu ya ile safari yenyewe. Kutoka Mazeras minazi inaanza kupungua, Mariakani imekwisha, na Taru ni vichaka vikavu na vumbi jekundu. Mackinnon Road, ule msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah kando ya reli, abiria wawili watatu waliinua mikono wakasoma Fatiha gari likiwa mbioni. Tulipopita mji wa Maungu, mpwa wangu akanigusa bega: upande wa kushoto, mbali, Kasigau umesimama peke yake juu ya nyika kama jahazi lililokwama kupwa. Mita 1,641. Hakusema neno mpaka Voi.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyekunja magunia matupu mapajani. Alikuwa ametoka Kongowea kuuza kabeji. Akaniuliza, "Mwenda mazikoni?"

"La, mama, twenda kutembea tu."

"Kutembea wapi?"

"Msitu wa Ngangao."

Akanyamaza kidogo, akalitazama begi letu, kisha akasema: "Basi msifuate barabara, mtachoka bure. Mkifika juu ulizeni njia ya mfereji."

Hapo ndipo ninaposhikilia hoja yangu. Nilikuwa na ramani kwenye simu, na ramani ile ilinionyesha barabara ya magari. Njia ya mfereji haikuwamo. Ni njia ya upana wa nyayo mbili, inafuata mfereji wa maji ambao wakulima wameuchimba ubavuni mwa mlima ili maji yafike mashambani. Kwa kuwa maji hayapandi, njia nayo haina mwinuko wa kuua mtu. Inakwenda taratibu, yaukumbatia mlima, upande mmoja matuta ya mawe yenye maharagwe na sukuma wiki, upande mwingine migomba na sauti ya maji. Mpwa wangu alivua viatu akatia miguu mferejini, akaruka. Maji yalikuwa baridi kama ya barafu. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia hapo juu akamwambia, "Mwanangu, haya ndiyo yanayootesha kabeji mnazokula Mombasa." Kwenye gari la kukodi, nani angetuelekeza njia hiyo?

Ngangao wenyewe si mkubwa, hekta 120 hivi. Lakini ukiingia ndani, hayo mahesabu ya hekta yanapotea. Ukungu unaning'inia kwenye miti, vigogo vimevaa kuvumwani kibichi, na kimya chake si cha mahali patupu. Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya safu inayokwenda mpaka Usambara, Uluguru na Udzungwa kule Tanzania, na kwa upande wa Kenya safu hiyo iko hapa tu. Misitu hii imekaa mbali na misitu mingine kwa muda mrefu sana, imezungukwa na nyika kama kisiwa na bahari, hata ikawa na viumbe vyake peke yake. Kuna ndege wawili, Taita apalis na Taita thrush, ambao huwaoni popote duniani ila katika vipande vichache vya misitu iliyobaki huku. Msitu wa Mbololo una aina yake ya Saintpaulia, yale maua ya zambarau ambayo Wazungu huyapanda vyunguni madirishani. Na vyote hivyo viko nauli ya matatu mbili kutoka Mwembe Tayari! Nikifikiri ni watoto wangapi wa Mombasa wanaomaliza shule bila kuambiwa, roho inaniuma. Mkienda, piteni kwanza kwa walinzi wa msitu mjulikane mmeingia.

Wako wanaonambia kukwea milima ni mambo ya Wazungu. Jamani. Mmishonari Johannes Rebmann alipotoka Rabai Aprili 1848, akapita Taita, na Mei 11 akauona Mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji, hakujiongoza mwenyewe. Kiongozi wa msafara alikuwa Mswahili, Bwana Kheri, mtu aliyeijua njia ile kabla ya Rebmann kuiota. Vitabu vikamwandika Rebmann kuwa ndiye aliyeuona. Na Mwembe Tayari penyewe, wazee husimulia, misafara ya bara ilikuwa ikijikusanya pale chini ya mwembe kabla ya kuondoka. Sisi ndio wenye njia hizi. Tumeacha tu kuzipita.

Sasa upande mgumu, kwa sababu sitaki mtu aende akateseke kwa maneno yangu. Safari nyingine nilikwenda peke yangu, nikaulizia gari la mwisho la kuteremka. Kijana mmoja pale steji akanambia, "Gari zipo mpaka saa mbili usiku, mama, usijali." Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimesimama Wundanyi, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati, steji tupu, leso yangu ya Mombasa haizuii chochote. Mama muuza chai ndiye aliyenifafanulia: magari ya mlimani huteremka alfajiri na mazao na watu wa kazi, hurudi mchana na jioni, na linalopanda jioni hulala huko huko pamoja na dereva wake. Nilikuwa nikisubiri gari lililokwisha kulala. Akanipeleka kwa jirani yake mwenye vyumba, nikalala chini ya mablanketi mawili, na saa kumi na moja nikaamshwa na honi.

Tangu hapo ratiba yangu ni moja: nakwea kwa gari la mchana, nalala juu, natembea asubuhi kukiwa kweupe, na kufikia adhuhuri niko njiani kuteremka kwa miguu. Kutoka Wundanyi kwenda chini Mwatate zipo njia za mkato za wanafunzi zinazozikata zile kona za barabara. Magoti yatalalamika. Mwatate magari ya Voi hayakosekani. Kilele cha Vuria, mita 2,208, nacho kitakie asubuhi. Kukiwa na mawingu utaona minara ya mawasiliano na si kingine, kukiwa kweupe utaiona Tsavo yote na Kilimanjaro kwa mbali.

Karibu zaidi na nyumbani iko Shimba Hills, hifadhi tangu mwaka 1968. Wavuka feri ya Likoni bila kulipa, wapanda matatu ya Kwale, umefika. Ndani yake kuna maporomoko ya Sheldrick, zaidi ya mita 20, na ndiko kuliko na palahala, wale swala wakubwa weusi, pekee wa Kenya. Kuna ndovu, kwa hiyo hutembei bila askari, na hilo nalikubali kwa moyo wote. Nisilolikubali ni lile nililokutana nalo siku moja kwenye lango la hifadhi moja ya pwani, sitaitaja. Tulifika kwa miguu kutoka steji, tuna vitambulisho, tuna pesa ya kiingilio. Swali la kwanza: "Gari lenu liko wapi?" Nikajibu hatuna. Basi tukawekwa pembeni, tukakaa saa nzima juani tukingoja mwenye gari atakayekubali kutubeba, kana kwamba bila gari mtu hajafika.

Hilo nalitaka libadilike. Serikali za kaunti hujenga hoteli na kuchapisha picha za watalii, na kila mwaka twaambiwa tutembee kwetu. Tutembee kwa nini, kama lango halimtambui mtu aliyeshuka matatu? Hakuna gharama kubwa hapa. Askari mmoja kila Jumamosi, saa tatu asubuhi, wa kuwapeleka waliokuja kwa miguu. Kibao pale steji ya Wundanyi na ya Kwale: msitu uko wapi, ni saa ngapi kwa miguu, gari la mwisho huteremka saa ngapi. Rangi na ubao, basi.

Mpwa wangu ameshaanza kuniuliza Kasigau. Kijiji cha chini ni Rukanga, na gari za kwenda huko si nyingi, kwa hiyo tutalala kijijini na tutatafuta mwenyeji wa kutupeleka juu. Nimempa kazi ya kuulizia saa za gari mwenyewe. Nimemwambia asiwaulize vijana wa steji. Awaulize akina mama wenye magunia.